Baada ya Windows 10: Hesabu ya kuhama mfumo wa kompyuta kwa mfanyabiashara mdogo wa Mgololo

TANGU Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo ulioingia sokoni Julai 2015 na ambao bado ndio unaoendesha kompyuta nyingi ninazokutana nazo katika steshenari, ofisi za vyama vya ushirika na maduka ya pembejeo kuanzia Mafinga hadi huku Mgololo.

Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka, zinaandika barua na kutoa nakala kama kawaida, na hapo ndipo penye mtego. Mkulima wa mahindi anajua kwamba mbegu chotara ukiirudia msimu wa pili haikatai kuota. Huota vizuri tu, ila mavuno hushuka, na mwenye shamba huishia kuilaumu mvua.

Mfumo endeshi, kwa wale wasiolizoea neno hili, ni programu ya kwanza inayoamka unapobonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta. Huo ndio shamba lenyewe. Word, Excel na programu ya hesabu za chama ni mazao yanayopandwa juu yake. Wengi wetu tumelima shamba moja maisha yote. Tulianza na Windows 98 au XP katika vyumba vya mafunzo ya kompyuta, tukaenda Windows 7, kisha 10, na kila mara fundi ndiye 'aliyepiga Windows' sisi tukisubiri nje. Safari hii kuna sababu ya kiuchumi ya kuingia ndani na kuuliza maswali.

Sababu ya kwanza ni kwamba Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali kila kompyuta. Inataka kumbukumbu ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, jambo ambalo si tatizo kwa mashine nyingi. Tatizo ni kwamba inataka pia kiini cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel maana yake, ukiacha chache sana, ni kizazi cha nane kwenda juu. Kujua kizazi ni rahisi: soma karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kompyuta au fungua sehemu ya taarifa za mashine. Ikiwa imeandikwa i5-4570, namba 4 inayofuata kistari ni kizazi cha nne. Ikiwa ni i5-8250U, ni kizazi cha nane. Sasa nenda kwenye steshenari yoyote ya kwetu ukahesabu zile Dell na HP za mezani za mtumba. Utakuta nyingi ni kizazi cha tatu, cha nne, au cha sita kwa mwenye bahati.

Wapo mafundi wanaojua njia ya kuizunguka kanuni hiyo na kuisimika Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika. Inawezekana, nimeona, na inafanya kazi. Lakini Microsoft imeandika wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masahihisho siku zijazo, na masahihisho ndiyo tunayoyatafuta.

Kwanza tuone hatari yenyewe. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja ndani ya Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita kwenye tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100 na kudai fedha ili kuyafungua. Hospitali za serikali nchini Uingereza ziliahirisha kliniki na upasuaji. Waliokuwa wameweka kiraka kile cha Machi tundu lao lilikuwa limeshazibwa. Waliobaki na Windows isiyosahihishwa, ama kwa uzembe au kwa sababu mfumo wao ulikuwa umeshastaafishwa, ndio walioumia. Windows 10 ya leo isiyopata masahihisho imesimama pale walipokuwa wale.

Mtu atasema, hospitali za Uingereza ni za Uingereza, mimi nina duka la mbolea. Ni kweli hakuna jambazi wa mtandaoni anayekaa akiiwinda Mgololo. Kirusi hakichagui, kama viwavijeshi vamizi visivyouliza shamba ni la nani. Na kilichomo ndani ya kompyuta ya duka la mbolea si kidogo: daftari la wadaiwa, mzigo uliotoka na uliobaki, nakala za risiti, mawasiliano na wasambazaji wa Makambako na Mbeya. Katika kompyuta ya chama cha ushirika kuna zaidi: hisa na akiba za wanachama, mikopo na marejesho. Mwanachama aliyelipa mkopo wake wote na rekodi ikapotea hana namna rahisi ya kuthibitisha, na karani naye hana namna ya kujitetea.

Njia zilizo mbele yetu si nyingi. Ya kwanza ni kulipia muda wa nyongeza. Microsoft ilitangaza kwamba mtu binafsi mwenye Windows 10 toleo la 22H2 angeweza kupata masahihisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa dola 30 za Marekani, au bila kulipa iwapo angekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kupitia akaunti ya kampuni hiyo. Dola 30 kwa viwango vya mwishoni mwa 2025 ni zaidi kidogo ya Sh 70,000, ambayo ndiyo bei iliyotangazwa ya mfuko wa DAP ya ruzuku mpango ulipozinduliwa pale Nane Nane Mbeya mwaka 2022. Kwa mashirika na biashara bei iliwekwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, ikiongezeka mara mbili kila mwaka: dola 122 mwaka wa pili, 244 mwaka wa tatu. Jumla ni dola 427 kwa kompyuta moja, na mwisho wa miaka mitatu bado una kompyuta ile ile iliyozeeka. Anayehitaji miezi michache ya kujipanga anaweza kuichukua njia hii. Kama mpango wa kudumu, siuoni mantiki yake.

Njia ya pili ni kununua kompyuta inayokubali Windows 11. Ni njia halali na kwa baadhi yetu ndiyo pekee, nitaeleza kwa nini. Njia ya tatu, ambayo ndiyo hasa ninayotaka kuizungumzia, ni kubaki na kompyuta hiyo hiyo na kubadilisha mfumo, kuingia kwenye Linux.

LINUX SI MGENI

Linux ilianzishwa na kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi, na imekua kwa kazi ya watu na makampuni ya duniani kote. Haiuzwi. Unaruhusiwa kisheria kuinakili na kumpa jirani, tofauti kabisa na zile Windows za 'kuvunja' zinazozunguka kwenye flashi za mafundi. Inakuja kwa majina mbalimbali kama mbegu zinavyokuja kwa aina mbalimbali: ipo Ubuntu, ipo Linux Mint, ipo Debian na nyingine nyingi. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lenyewe ni neno la Kibantu ambalo sisi tunalisema 'utu'. Waliokuwa vyuoni miaka ile wanakumbuka kwamba kuanzia 2005 hadi 2011 ulikuwa ukiomba CD za Ubuntu zinakujia kwa posta bila malipo, hata nauli hulipi. Chumba kimoja cha bweni kiliweza kuwa na CD kumi na kompyuta ikawa moja tu.

Na hata asiyewahi kusikia jina hilo tayari anatumia Linux kila siku. Kiini cha Android, iliyomo kwenye simu janja nyingi nchini, ni Linux. Mama anayepokea fedha za viazi kwa simu yake ya kugusa alihama kutoka Nokia ya vitufe bila semina wala posho. Alisumbuka wiki moja, akamuuliza mtoto wa darasa la sita, akazoea. Nikisikia mtu mzima anasema kuhama mfumo ni jambo lisilowezekana, namkumbuka mama huyo.

Tanzania nayo imewahi kujaribu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 na kwa msaada wa SIDA, kiliendesha mradi wa Kilinux uliolenga kuleta programu huria kwa Kiswahili. Desemba 2004 ikatoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu ambayo menyu zake zote zilikuwa kwa lugha yetu. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ikaleta sura ya Kiswahili kwa Windows na Office. Leo ukiuliza katika steshenari kumi ni nani aliyewahi kuiona Jambo OpenOffice, nina shaka kama utapata mmoja.

Maoni yangu ni kwamba tafsiri haikuwa mbaya. Kilichokosekana ni kile tunachokijua sana katika kilimo: ugani. Mbegu bora iliyobaki kituo cha utafiti haimlishi mtu. Mafunzo yote ya kompyuta mitaani yalifundishwa kwa Windows ya Kiingereza, vyeti vikaandikwa 'Word' na 'Excel', waajiri wakauliza hivyo hivyo, na wanafunzi wakajifunza kile kilichoulizwa. Wachumi tunajua hali hii: thamani ya kitu hupanda kadiri wanaokitumia wanavyoongezeka. Ukipeleka sokoni zao ambalo hakuna mnunuzi mwingine analolijua, hata likiwa tamu, utarudi nalo.

WALIOTANGULIA

Mji wa Munich nchini Ujerumani uliamua mwaka 2003 kuziondoa kompyuta zake kwenye Windows. Kazi ikachukua takriban miaka kumi, na kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la mji huo huo likapiga kura ya kurudi Windows. Wapo wanaosema ilikuwa siasa, wapo wanaosema wafanyakazi walichoka na mafaili yasiyofunguka sawasawa kutoka ofisi nyingine. Yote mawili yana ukweli ndani yake.

Jeshi la polisi la Gendarmerie la Ufaransa lilikwenda kwa mpango mwingine. Mwaka 2005 walianza kwa kubadilisha programu ya kuandikia tu, wakatumia OpenOffice juu ya Windows ile ile. Wakafuatia kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe. Askari walipokuwa wamezoea vyote hivyo, kuanzia 2008 wakabadilishiwa mfumo wa chini na kuwekewa Ubuntu. Wengi hawakuona tofauti kubwa kwa kuwa vitu walivyokuwa wakivigusa kila siku vilikuwa ni vile vile. Hawakurudi nyuma.

Mpango wa Wafaransa unamfaa mtu wa Mgololo kuliko ule wa Munich, na hauhitaji bajeti ya polisi. Weka LibreOffice, ambayo ni mrithi wa OpenOffice tangu 2010, kwenye Windows uliyonayo leo. Weka Firefox. Fanyia kazi zako zote humo kwa miezi miwili. Word na Excel usiziondoe, ziache pembeni, lakini kila unapolazimika kuzirudia andika kwenye daftari ni kwa kazi gani. Daftari hilo ndilo litakalokuambia kama uhame au usihame.

KINACHOBADILIKA MEZANI

Mfanyabiashara mmoja wa mbao aliniuliza, 'Kaka, kwani humo Excel ipo?' Haipo. Ipo Calc ya LibreOffice, inayofungua mafaili ya Excel na kuyahifadhi kwa muundo wa Excel. Jedwali la mbao ni kipimo kizuri. Ubao wa mbili kwa nne wenye urefu wa futi 12 una mita za ujazo 0.0189, kwa hiyo mita moja ya ujazo hutoa vipande kama 53. Fungua jedwali lako la mzigo kwenye Calc, linganisha jumla ya mita za ujazo na ile ya Excel. Kwa hesabu za kujumlisha, kuzidisha na kutafuta bei kwenye orodha, majibu yatakuwa yale yale. Penye shida ni majedwali yenye makro, yaani yale yenye vitufe vilivyotengenezwa na fundi ili ukibonyeza kitu kijifanye chenyewe. Hayo mara nyingi hugoma au hufanya kazi nusu.

Barua nazo zina tabia yake. Mwandiko wa Calibri na Times New Roman ni mali ya makampuni, hivyo Linux huja na miandiko mingine yenye vipimo vinavyolingana nayo. Mara nyingi barua hukaa sawa, mara nyingine jedwali husogea na sahihi ya mwenyekiti ikaangukia ukurasa wa pili. Dawa yake ni kuipeleka barua halmashauri ikiwa PDF, isipokuwa pale wenyewe wanapotaka kuihariri.

Hakuna 'Local Disk C' wala D. Flashi hujitokeza kwa jina lake pembeni, na mafaili yako yote hukaa kwenye folda moja ya nyumbani. Programu huzitafuti ovyo mtandaoni wala kuzipokea kwenye flashi ya mtu. Huchukuliwa kwenye ghala moja linalokaguliwa na wenye mfumo, kwa kuandika nywila. Hili la nywila huwaudhi watu wiki ya kwanza.

Wenye steshenari watalifurahia jambo moja. Wanakijua kile kirusi kinachogeuza folda zote za mteja kuwa vishale vya njia ya mkato, mwanafunzi akaja analia kwamba ripoti ya mafunzo kwa vitendo imepotea. Virusi hivyo viliandikwa kwa ajili ya Windows na haviwezi kujiendesha ndani ya Linux. Flashi hiyo ukiichomeka humo, mara nyingi folda halisi zinaonekana zimefichwa tu, unazinakili mahali pengine na mteja anaondoka na kazi yake. Linux nayo ina virusi na matundu yake, ndiyo maana nayo husahihishwa kila wiki, ila huyu msumbufu wa flashi hana makazi humo.

Printa ndiyo ya kupima mapema kuliko kitu kingine chochote. Nyingi za HP zina programu yake ya Linux iliyotengenezwa na HP wenyewe, na Epson za wino wa chupa nazo zina msaada mzuri. Baadhi ya leza ndogo za Canon zimekuwa zikiwatesa watu kwa miaka. Habari njema ni kwamba kupima hakugharimu: Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kugusa chochote kilichomo kwenye kompyuta. Iwashe hivyo, jaribu printa, jaribu skana, jaribu modemu ya intaneti, kisha zima, chomoa flashi, na Windows yako itaamka kama vile hakuna aliyeigusa. Faili la kupakua Linux Mint ni karibu GB 3, hivyo watu watano wachangie bando moja na wanakiliane.

Na mifumo ya serikali je? Hapa mambo yamekuwa mepesi kuliko miaka kumi iliyopita, na sababu ni kwamba serikali yenyewe imehamia kwenye kivinjari. Ritani za TRA, usajili wa Brela, namba za malipo, zabuni kupitia NeST iliyoanza kutumika 2023, na ule mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, vyote hufunguliwa kwa Firefox au Chrome. Kivinjari hakijali kimesimama juu ya mfumo gani. Mashine ya EFD inajitegemea na haihusiki kabisa na suala hili.

WANAOPASWA KUBAKI

Sasa nije kwa wale ambao, kwa maoni yangu, wasihame, au wasihame wote. Steshenari inayoishi kwa kadi za harusi, sendoff na kipaimara ndiyo ya kwanza. Kadi hizo hutengenezwa kwa Publisher, na picha za pasipoti husafishwa kwa Photoshop. Programu zote mbili hazina toleo la Linux. Zipo mbadala, Scribus na Inkscape kwa kadi, GIMP kwa picha, na LibreOffice huweza kufungua mafaili ya Publisher ingawa mapambo mara nyingine huvurugika. Lakini kijana anayemaliza kadi kwa dakika 20 katika Publisher atatumia saa nzima katika programu mpya, na mteja amesimama mlangoni. Hata hivyo Publisher yenyewe ina habari yake: Microsoft ilitangaza kwamba itaacha kuihudumia kuanzia Oktoba 2026. Kwa hiyo mwenye kadi atajifunza programu mpya kwa vyovyote vile, akiwa Windows au akiwa kwingine. Ushauri wangu kwake ni kubaki na kompyuta moja nzuri yenye Windows 11 kwa kadi na picha, na zile mbili tatu za kuchapa barua na kuingia mtandaoni azihamishe.

Cha pili ni chama au kampuni inayotumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, mathalani Tally au zile za SACCOS zilizoandikwa na watengenezaji wa hapa nchini. Zipo mbinu za kuziendesha ndani ya Linux. Mimi sizipendekezi kwa fedha za watu wengine. Mwandikieni aliyewauzia programu, kwa barua, mkiuliza maswali mawili: je, kuna toleo la kivinjari, na je, data zetu zinaweza kutolewa zikiwa katika muundo wa jedwali la kawaida? Akijibu hapana kwa swali la pili, tatizo lenu ni kubwa kuliko Windows.

HESABU YENYEWE

Linux ni bure, lakini kuhama si bure. Gharama kubwa ni muda wa mtu anayejifunza. Chukulia steshenari inayoingiza Sh 40,000 kwa siku, siku 12 za kazi katika wiki mbili. Jumla ni Sh 480,000. Ikiwa kwa wiki hizo mbili kasi itashuka kwa theluthi moja na wateja wakaenda kwa jirani, umepoteza Sh 160,000. Ongeza malipo ya fundi, ongeza bando, ongeza diski ya nje ya kuhifadhi nakala, ambayo ungepaswa kuwa nayo hata bila kuhama. Weka jumla hiyo upande mmoja, na upande wa pili weka bei uliyotajiwa Mafinga au Iringa ya kompyuta inayokubali Windows 11, pamoja na leseni halali kama haikuja nayo. Kwa mwenye kompyuta moja tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi cha kusema bora ninunue. Kwa mwenye nne au tano, hesabu hugeuka kabisa, kwa sababu mtu hujifunza mara moja tu, bali kompyuta hununuliwa kila moja kwa bei yake.

Wengi hukosea katika kugawa gharama hii. Mkurugenzi wa chama hufanya uamuzi, karani ndiye anayesumbuka. Kama posho ipo, iende kwa karani, na nusu siku ya mafunzo iwe wakati wa kazi, si Jumamosi yake ya shambani.

Kwa upande wa soko la mtumba, kampuni na ofisi za Ulaya zimekuwa zikiondoa mashine za kizazi cha saba kushuka kwa sababu hii hii ya Windows 11, na mashine za namna hiyo mara nyingi huishia Dubai, kisha Kariakoo, kisha kwetu. Utauziwa kwa bei ya kuvutia ikiwa imewekwa Windows 11 kwa ile njia ya kuzunguka. Kwa anayejua atatumia Linux, hiyo ni nafasi nzuri: i5 ya kizazi cha sita yenye GB 8 na diski ya SSD ni mashine ya kutosha kabisa. Kwa asiyejua, ni kununua ng'ombe kwa kutazama ngozi. Soma ile namba baada ya kistari kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu wakati, usihame msimu wa kazi. Muuza pembejeo asiguse kompyuta yake kuanzia Septemba hadi Januari. Steshenari iepuke Januari, shule zinapofunguliwa. Wote waepuke wiki za mwisho za Machi, Juni, Septemba na Desemba, ambapo wenye mwaka wa hesabu wa Januari hadi Desemba hulipa awamu za kodi ya mapato. Aprili, malori ya mbao yakiwa yamekwama kwenye tope na mahindi yameshawekewa mbolea ya kukuzia, ni mwezi mzuri. Nakili data zote mara mbili, nakala moja ikae nje ya ofisi. Kwa chama cha ushirika chapa pia orodha ya salio la kila mwanachama na mwenyekiti aisaini. Karatasi hapa Mgololo hatuwezi kuikosa. Nywila ya kompyuta iandikwe, iwekwe kwenye bahasha, ifungwe ndani ya kasha la fedha, kwa sababu karani akipata kazi Dodoma hatakumbuka kupiga simu.

Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, imeahidiwa masahihisho hadi 2029. Kompyuta ya kizazi cha nne itakuwa na miaka 15 au zaidi wakati huo, na uamuzi utakuwa kuhusu mashine yenyewe. Chama chenye kompyuta tatu kikianza sasa kuweka kando kiasi kidogo kila mwezi, kwa jina la uchakavu, kitakuwa na fedha za kununua mpya bila kuchangisha wanachama.